Somo: Omega-3 ya Mbegu na Omega-3 ya Samaki



Somo hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Mapema mwaka huu dada yangu mkubwa, anayeishi Koboko, alinipigia simu. Alikuwa mjamzito wa miezi mitatu na harufu ya mukene ilikuwa inamtapisha. Kliniki walikuwa wamemshauri ale samaki kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Akaniuliza, "Ustadhi, wewe ndiye msomi wetu. Nikiacha samaki nitumie nini?" Nami nilikuwa nimeona chupa ya mafuta ya alizeti hapa Arua yenye neno "omega" kubwa mbele. Nikamjibu bila kufikiri: pikia mafuta haya, omega ni omega.

Wiki chache baadaye nilirudia maneno hayo kwenye darsa la msikitini chuoni. Ndugu mmoja anayesoma baiolojia akaniuliza baada ya swala: "Omega ipi, tatu au sita?" Sikuwa na jibu. Katika Surat al-Israa, aya ya 36, tunakatazwa kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo, na tunaonywa kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Mimi sikuishia kufuata tu, nilikuwa nimefundisha. Basi nilikaa chini nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Omega si kitu kimoja

Mwili hauwezi kujitengenezea aina mbili za mafuta, lazima zitoke kwenye chakula. Ya kwanza ni asidi ya linoleiki, ya kundi la omega-6. Ya pili ni asidi ya alfa-linoleniki, kwa kifupi ALA, ya kundi la omega-3. Zote zinahitajika, lakini kazi zake ni tofauti.

Ndani ya omega-3 kuna ngazi. ALA hutoka kwenye mimea. Juu yake kuna EPA na DHA, ambazo kwenye chakula chetu hutoka hasa kwa samaki. Hata samaki hazianzishi wenyewe kwa wingi: huzipata kutoka kwa mwani na vijidudu vya majini wanavyokula. DHA ndiyo inayojenga ubongo na retina ya jicho, na mtoto huikusanya kwa kasi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Huichukua kwa mama yake.

2. Mafuta ya jikoni kwetu yana nini?

Tuanze na sufuria za West Nile. Mafuta ya alizeti yana omega-6 nyingi, na omega-3 karibu hakuna. Ufuta, yaani simsim, una omega-6 kama asilimia 40 ya mafuta yake, na ALA haifiki asilimia 1. Karanga vilevile hazina ALA ya kutajika. Mawese mekundu yanayovuka mpaka kutoka Kongo yana vitamini A ya asili, lakini si chanzo cha omega-3. Mafuta ya shea yana zaidi mafuta ya aina ya omega-9. Mafuta ya soya ni afadhali kidogo, yana ALA kama asilimia 7. Mbegu za kitani na chia ndizo zenye ALA nyingi, ingawa si chakula cha kawaida kwetu.

Kwa hiyo neno "omega" kwenye ile chupa halikuwa uongo. Ilikuwa omega-6. Aliyekosea ni mimi niliyesoma neno nikaacha namba.

3. Je, mwili haubadilishi ALA kuwa DHA?

Hubadilisha, lakini kidogo sana. Kwa watu wazima, sehemu ya ALA inayogeuka EPA kwa kawaida ni chini ya asilimia 10, na inayofika kuwa DHA mara nyingi haifiki asilimia 1. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hufanya vizuri kuliko wanaume, na hiyo ni rehema ya Allah kwa watoto, ila bado ni kidogo. Isitoshe, omega-6 na omega-3 hugombania vimeng'enya vilevile. Ukijaza chakula mafuta ya alizeti, unaongeza foleni mbele ya ALA chache ulizo nazo.

Kiwango cha omega-3 hupimwa kwenye damu: ni asilimia ngapi ya mafuta ya utando wa chembe nyekundu ni EPA na DHA. Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2004 na Harris na von Schacky. Chini ya asilimia 4 huhesabiwa kuwa hafifu, na asilimia 8 na zaidi kuwa nzuri. Mtu akizidisha mafuta ya mbegu yenye ALA, DHA yake kwenye damu hupanda kidogo mno au haipandi kabisa. Akila samaki, hupanda. Lakini chembe nyekundu huishi siku kama 120, hivyo mabadiliko huchukua miezi, si siku mbili.

4. Ushahidi wa majirani zetu

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Pauletto na wenzake, uitwao utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Walilinganisha wanakijiji wa aina mbili: wanaoishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakila gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku, na wengine wanaokula mimea. Walaji wa samaki walikuwa na omega-3 nyingi zaidi kwenye damu, na shinikizo lao la damu lilikuwa chini. Watafiti wengine kutoka Groningen, Uholanzi, waliwapima akina mama wa Tanzania, kuanzia Wamaasai wasiokula samaki hadi wakazi wa kando ya Ziwa Victoria. Kadiri samaki walivyoongezeka kwenye chakula, ndivyo DHA ilivyoongezeka kwenye maziwa ya mama.

Zingatieni kwamba hao ni samaki wa maji baridi, wa maziwa kama Ziwa Albert letu. Surat Faatir, aya ya 12, inataja maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi, na kwamba katika yote mawili tunakula nyama mpya.

5. Na zeituni je?

Ndugu wengine huniuliza: mbona Qur'ani imesifu mafuta ya zeituni? Ni kweli, mti wake umetajwa kuwa wenye baraka. Lakini hakuna aliyetuambia baraka hiyo ni omega-3. Zeituni ina omega-9 kwa wingi na ALA kidogo. Tusiitwishe aya maana ambayo haikuibeba, kisha sayansi ikisema tofauti tukayumba.

6. Tufanye nini?

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku, na kula samaki mara mbili kwa wiki humsogeza huko. Si lazima sangara wa bei kubwa. Mukene, muziri na ragoge huuzwa kwa kikombe sokoni Arua na Koboko, na tusiwadharau kwa kuwa wengine huwalisha kuku. Chagua waliokaushwa kwenye turubai au chanja, si mchangani. Waoshe kwa maji ya moto, kisha wapike kwenye mchuzi wa karanga au simsim. Kuwakaanga kwa mafuta mengi hupunguza omega-3 na kuongeza omega-6. Majani ya kunde nayo yana ALA kidogo, yaendelee kuwepo sahanini.

Anayetaka vidonge vya mafuta ya samaki atazame ganda. Samaki ni halali bila kuchinjwa, lakini jelatini ya ganda inaweza kuwa ya nguruwe au ya mnyama asiyechinjwa kisheria. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya samaki au yenye alama ya halali.

Mwisho

Nilimpigia dada simu nikamwambia nilikosea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, miezi miwili nimekusikiliza." Sikuwa na la kusema isipokuwa kuomba msamaha. Kichefuchefu kilikuwa kimeshapungua, na sasa anawapika mukene kwa ndimu na odi. Miezi mitatu ya mwisho ilikuwa bado mbele, alhamdulillah. Kwenye darsa pia nilisimama nikajisahihisha.

Maswali ya halaqa: Ni jambo gani tumewahi kulifundisha kwa kusoma neno moja tu? Na je, tumerudi kulisahihisha?

Wallahu a'lam.