Kwa Nini Sabuni Haitoi Povu kwa Maji ya Kisima?

Maji ya kisima na maji ya mvua huonekana sawa yakiwa ndani ya ndoo, lakini sabuni huyatofautisha mara moja. Kwa maji ya mvua, kipande kidogo hutoa povu jingi. Kwa maji ya visima vingi vya Pwani, mfuaji husugua sana, povu likawa haba na utando mweupe ukabaki juu ya maji. Makala haya yanaeleza sababu yake, na jinsi mkazi anavyoweza kuokoa sabuni bila kupunguza usafi.

Sabuni hutengenezwa vipi?

Sabuni ya kipande hutokana na mafuta, kama ya nazi, ya mawese au ya wanyama, yakichanganywa na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Vitu hivi vinapokutana, mafuta huvunjika na kutoa vitu vipya viwili: sabuni na gliserini.

Kostiki soda huchoma ngozi na macho. Wanaotengeneza sabuni nyumbani au katika vikundi wanashauriwa kutia kostiki soda ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe wasimimine maji juu ya kostiki soda, kwa maana huchemka ghafla na kuruka. Wavae glavu na miwani ya kinga, na wasitumie sufuria ya alumini kwa sababu kostiki soda huila. Watoto wawekwe mbali.

Sabuni hutoa uchafu vipi?

Maji peke yake hayashikani na mafuta, na uchafu mwingi wa mikono, nguo na vyombo umeshikana na mafuta. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Ncha zinazopenda mafuta hujichomeka ndani ya uchafu, huku zile zinazopenda maji zikibaki nje. Uchafu huzungukwa pande zote, hung'oka kwa kusuguliwa, kisha hubebwa na maji ya kusuuza.

Vijidudu vya magonjwa ya kuhara, kikiwemo kipindupindu, huondolewa mikononi kwa njia hiyo hiyo. Baadhi ya virusi, kama vile vya korona, vimefunikwa na ngozi ya mafuta, na sabuni huipasua ngozi hiyo. Kazi hii yahitaji muda. Ndiyo sababu wakazi huhimizwa kusugua mikono kwa sekunde 20 au zaidi, katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha kusuuza kwa maji yanayotiririka.

Maji magumu

Visima vingi vya Kilifi na Kwale vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni aina ya mawe ya chokaa. Maji yakipita humo hubeba kalisiamu. Kalisiamu huinasa sabuni na kuigeuza kuwa ule utando mweupe usioyeyuka. Sabuni ya kwanza yote huishia hapo. Povu huonekana tu baada ya kalisiamu kwisha, na utando hubaki kwenye nguo na kuzifanya ngumu na zenye weupe uliofifia.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa mbili safi zinazolingana. Tia maji ya kisima katika moja na maji ya mvua katika nyingine, kwa kiasi sawa. Ongeza vipande vidogo vya sabuni vinavyolingana, funga na utikise. Chupa yenye povu dogo na maji ya maziwamaziwa ndiyo yenye maji magumu.

Wakazi wanaweza kufanya nini?

• Kinga maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati na uyatumie kufulia na kuogea.
• Palipo na maji magumu pekee, fulia sabuni ya unga. Nyingi kati ya sabuni hizo hazigandi na kalisiamu.
• Maji yakichemshwa, sehemu ya kalisiamu huganda kama ukoko ndani ya sufuria, na maji hupungua ugumu.
• Usiache kunawa kwa sababu povu ni dogo. Ongeza sabuni kidogo na usugue muda uleule.

Sabuni ikikosekana kabisa, jivu safi na maji yanayotiririka ni afadhali kuliko maji matupu. Hata hivyo, kipande cha sabuni kikae karibu na choo na karibu na jiko, mahali kila mtu wa nyumbani, hata mtoto, anapoweza kukifikia.