Leseni imekwisha, tufanyeje?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, Uchindile. Kompyuta yetu ya mtumba inadai leseni ya Excel, na fundi anataka kutuwekea nakala ya wizi. Tukubali?

Jibu: Kataeni. Nakala hizo mara nyingi huja na virusi, na kumbukumbu za hisa za wanachama zimo kwenye kompyuta hiyo. Wekeni LibreOffice. Ni bure, ikishawekwa haihitaji intaneti, na inafungua mafaili ya Excel, ingawa mpangilio huweza kuvurugika kidogo. Ila uzito wake hauko kwenye bei. Ni programu huru, yaani yeyote anaruhusiwa kuibadili. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa kwa Kiswahili Jambo OpenOffice, iliyotokana na OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice. Mkienda Ifakara, ichukueni LibreOffice kwenye flashi, muigawie na shule.