Mpime Kifutu Damu Angali Mzima

Majibu ya maabara yakirudi yanaonyesha hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 24, utasemaje? Kwa nyoka wengi, kati ya 20 na 40 huhesabiwa kuwa sawa. Lakini kifutu aliyekuwa na 36 akiwa mzima, sasa ameshuka mno, na jedwali la viwango halitakuambia. Ndiyo maana mimi huwapima wakiwa wazima, kila nyoka na faili lake.

Usalama kwanza. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Kabla ya kufungua kizimba tunahakikisha dawa ya sumu ipo, gari lipo, na hospitali ya kukimbilia inajulikana. Kifutu huongozwa kwa fimbo ya ndoano hadi aingie kwenye bomba la plastiki angavu, jembamba kiasi kwamba hawezi kugeuka ndani. Theluthi ya mwili ikishaingia, mwenzangu humbana pamoja na mdomo wa bomba kwa mkono mmoja, asirudi nyuma wala kusonga mbele.

Kutoa damu. Mimi huchoma mkiani, upande wa chini, katikati kabisa. Dume ana mkia mrefu, kwa hiyo sogea mbali na tundu la haja usije ukachoma viungo vyake vya uzazi. Mkia wa jike ni mfupi tu. Kwake mara nyingi daktari huenda moyoni, akiutafuta pale magamba ya tumbo yanapopigapiga. Nyoka wa kilo 1 usimtoe zaidi ya mililita 5. Kwangu 1 inatosha. Yakiingia kwenye sindano majimaji yasiyo na rangi, hiyo ni limfu, nayo itashusha hesabu. Anza upya.

Kuhifadhi. Tone moja lipake kwenye slaidi palepale, kabla damu haijakutana na heparini, dawa ya kuizuia isigande, maana heparini huvuruga rangi ya chembe. Inayobaki iingie kwenye chupa ya kijani, yenye heparini. Mashine ya kuhesabia damu ya binadamu haifai: chembe nyekundu za nyoka zina kiini, zinaichanganya. Omba zihesabiwe kwa mkono, kwa hadubini.

Kuandika. Pamoja na majibu, andika uzito, jinsia, joto la kizimba, mlo wa mwisho na lini alijivua gamba. Asidi ya yuriki hupanda nyoka akishakula. Kalsiamu ya jike anayejiandaa kuzaa hupanda sana bila ugonjwa wowote. Bila maelezo hayo utatibu nyoka asiyeumwa.

Viwango rasmi huhitaji wanyama wazima wasiopungua 120, na wakiwa chini ya 20 inashauriwa kuorodhesha majibu ya kila mmoja tu. Bustani zetu za wanyama hazina vifutu wengi hivyo. Ukiwa nao sita, usihangaike na wastani wao. Mlinganishe kila mmoja na majibu yake ya nyuma, damu ikitolewa mahali palepale, msimu uleule, na tumbo likiwa tupu.