SOMO: MARADHI YA KUAMBUKIZA NA NJIA YA RIZIKI

Wanafunzi wapenzi, mkisimama Misigiri jioni mnayaona malori yakijiandaa kuteremka mlima Sekenke. Yametoka bandari ya Dar es Salaam, yanaelekea Rusumo na kuingia Rwanda, na mengine yanakwenda Burundi na Kongo. Wapo miongoni mwenu ambao ada yao inatoka kwenye usukani wa malori hayo, na wengine inatoka kwenye vitunguu na alizeti. Basi mwaka 2020 swali hili liliingia majumbani mwetu: maradhi yakizuka, mpaka ufungwe au riziki ipite?

Tuanze na Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa safarini kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kuwa tauni imeingia huko. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Answari, nao wakatofautiana. Wazee wa Kiquraishi ndio waliokubaliana kwamba arejee na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamweleza kwamba anaitoka kadari moja na kuiendea nyingine, kama mchunga ngamia anayeacha upande mkavu wa bonde akaenda penye malisho. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia nchi yenye tauni, na kukataza aliyemo asitoke kwa kuikimbia.

Masimulizi mengi huishia hapo. Lakini mwaka wa 18 Hijria, Madina ilipokumbwa na njaa, ni Umar huyo huyo aliyewaandikia maliwali wake wapeleke chakula, na ngamia wa Abu Ubayda wakaja na shehena kutoka Sham. Hatusemi kwamba matukio haya mawili ni kisa kimoja. Tunasema kiongozi mmoja alijua kuzuia safari ya watu, na alijua pia kuwa mji hauishi bila misafara.

Sasa turudi kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na shule zikafungwa. Masoko na misikiti havikufungwa. Jirani zetu walichukua njia nyingine. Rwanda ilitaka dereva wa Kitanzania amkabidhi lori dereva wa Kinyarwanda pale Rusumo. Madereva wakagoma, nao walikuwa na hoja: lori ni amana mkononi mwa dereva, na likipotea kifaa atalipa nani? Mwezi Mei viongozi wa nchi mbili wakakaa wakakubaliana kwamba mizigo ishushwe mpakani, ila bidhaa zinazoharibika na mafuta zisindikizwe mpaka ziendako.

Tarehe 16 Mei Kenya nayo ilizuia watu kupita mpaka wake na Tanzania. Mizigo iliruhusiwa, kwa sharti dereva apimwe na aonekane hana maradhi. Ukazuka ubishi juu ya vipimo, kila upande ukivitilia shaka vya mwenzake, na malori yakapanga foleni. Kitunguu hakijui ubishi wa maabara. Kikikaa juani kwenye magunia kinaoza, na mkulima ndiye anayebaki na deni la mbegu. Tarehe 22 Mei wajumbe wa nchi mbili walikutana Namanga na kukubaliana madereva wapimwe nchini kwao kabla ya safari.

Mafakihi wana kanuni kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Wengi huishika hiyo peke yake. Ipo dada yake: jambo lililoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo, halivuki. Kwa maoni ya mwandishi, kumpima dereva kumo ndani ya kipimo hicho. Kumweka siku nyingi barabarani bila maji, choo wala chakula kumekivuka. Na anayejijua mgonjwa akaficha ili asipoteze safari, naye amewadhuru wenzake hata kama nia yake ni kulisha watoto.

Hata Hija ilipita mlango huo. Mwaka 2020 walihiji wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudia, na mahujaji wa nje walifunguliwa tena mwaka 2022.

Zoezi: mwulize mzazi au jirani aliyekuwa dereva, mkulima au mfanyabiashara mwaka 2020 alipoteza nini na alilindwa na nini. Andika majibu yake kwa ukurasa mmoja, umletee ustadhi wako.