Kipimo Kikionyesha Kisichoulizwa

Daktari, mama katoka Mpwapwa kuja kujua umri wa mimba tu. Ultrasaundi inaonyesha mtoto ana mgongo wazi. Aambiwe siku hiyohiyo?

Aambiwe, tena kabla hajashuka kitandani. Mama huusoma uso wa mpimaji. Ukinyamaza, jibu atalipata kijijini, na huko ataambiwa karogwa. Ila mpimaji aseme alichokiona, asitoe hukumu: "Mama, mgongoni pameniletea wasiwasi, nataka bingwa wa Hospitali ya Benjamin Mkapa apaangalie." Kwa hakika, mazungumzo yalipaswa kuanza kabla ya kupaka jeli: tukiona jambo lingine, ungependa tukueleze, na ukiwa na nani?

Wapo wahudumu wanaosema hakuna cha kufanya, ya nini kumtesa?

Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Mgongo wazi unafaa kufungwa kwa upasuaji ndani ya siku mbili tatu baada ya kuzaliwa, kabla maambukizi hayajaingia. Safari ya kumfikia daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, tuseme Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, Dar es Salaam, haipangwi kichanga kikiwa tayari mikononi. (Treni ya SGR imeifupisha njia ya Dodoma hadi Dar es Salaam tangu 2024, lakini nauli bado inatafutwa.) Akijua mapema, atajifungulia penye bingwa, na baba atauza mbuzi wake mnadani kwa bei ya haki, si kwa bei ya mwenye shida.

Na mimba ijayo je? Mfereji wa neva, ambao usipofunga ndio huleta mgongo wazi, hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajafika kliniki. Aliyefichwa hatajua kwamba anahitaji foliki asidi kabla ya kushika mimba, tena kwa dozi kubwa kuliko wenzake.

Fuvu likiwa halikuumbika?

Hapo mtoto hataishi, na hilo lisemwe bila kumpa mama tumaini la uongo. Wala asidokezewe njia ambayo sheria haimpi: Kanuni ya Adhabu inakataza kutoa mimba, na kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayepasua kuokoa maisha ya mama.

Mama mkwe ndiye aliyelipa, naye yuko mlangoni anauliza.

Shikamoo yake apewe, na kiti pia. Majibu asubiri aitwe na mkwewe.

Na mama asiyetaka kujua?

Aheshimiwe. Lakini kondo la nyuma likiwa limeziba njia ya uzazi, hilo ataambiwa, maana anaweza kuvuja damu hadi kufa.