Namna ya Kuiongezea Redio ya Probox Amplifaya na Spika ya Besi

Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo za milangoni ambazo Toyota Probox hutoka nazo kiwandani hazina uwezo wa kuisukuma hewa kiasi cha kuifikisha sauti hiyo masikioni. Ndiyo sababu mtu asikilizapo ndani ya gari hilo nyimbo za Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, ambayo jina lake limetokana na mlima ulio jirani na sisi watu wa Ndithini, huzisikia nyuzi nyembamba na sauti za waimbaji, ilhali besi, ambayo ndiyo roho ya benga ya Ukambani, haimfikii ila kwa mbali. Nimevifunga vyombo vya kuiondoa kasoro hiyo katika gari langu na katika magari ya jirani zangu, na yakini niliyoipata ni kwamba besi njema hutegemea umeme safi na vipimo sahihi kabla ya kutegemea ukubwa wa spika. Redio ya kiwandani haina haja ya kung'olewa.

Kuchagua vyombo

Probox ya kwetu aghalabu ni gari la kazi, na msimu wa maembe ukiwadia nafasi yake ya nyuma huwa ni ya makreti. Kwa hiyo sishauri spika mbili za inchi 12. Spika moja ya inchi 10, katika sanduku lililozibwa pande zote, lenye ujazo wa lita 20 hadi 28 kwa kadiri mtengenezaji wake atakavyoelekeza, hutosheleza haja. Sanduku hilo na lifungwe kwa mikanda imara kwenye bodi, kwani gari likisimama ghafla mzigo uliolegea huwarukia abiria.

Amplifaya nayo iwe ya daraja D, yenye wati 300 za kudumu kwa omu 4, wala usihadaike na zile tarakimu kubwa za kilele zinazoandikwa juu ya boksi. Ukienda Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambako maduka ya vyombo vya sauti yamejipanga bega kwa bega, taka uonyeshwe ile yenye pembejeo ya waya za spika, kwa kuwa redio ya kiwandani kwa kawaida haina matundu ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya. Ukiikosa, nunua pamoja na amplifaya utakayoipata kile kijisanduku cha kuipunguza nguvu sauti ya spika hata ifikie kiwango kinachopokeleka.

Njia ya umeme

Hesabu ya umeme ni nyepesi, na sharti ifanywe kabla ya kununua waya. Amplifaya ya daraja D hupoteza takriban sehemu moja katika tano ya umeme iupokeao, basi ili itoe wati 300 huhitaji wati 375. Nazo, zikigawanywa kwa volti 13.8 za gari lililowashwa, ni ampea 27. Waya wa namba 8, ambao shaba yake ina eneo la mkato la takriban milimita 8 za mraba, pamoja na fyuzi ya ampea 30, wafaa kwa kazi hiyo. Ukwaruze ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya kadiri ya shaba.

Anza kwa kuufungua mguu hasi wa betri. Uanzishe waya mkuu kwenye mguu chanya, na fyuzi uiweke karibu na betri, isipite sentimita 45, kwani kazi yake ya kwanza ni kuuhifadhi waya wenyewe usiwake moto endapo utachubuka na kugusa bodi. Utakapoupitisha kwenye ukuta wa injini, tundu lake liwe na mpira, maana barabara zetu za murram hutikisa gari bila kituo, na makali ya bati hukata ngozi ya waya. Waya wa ardhi uwe mfupi na wa unene ule ule. Kwaruza rangi ya bodi mpaka chuma kitupu kionekane, kisha uukaze kwa bolti.

Kuichukua sauti

Katika redio nyingi za Toyota, spika ya mbele kushoto hutumia waya wa waridi kwa chanya na zambarau kwa hasi, na ya mbele kulia kijani hafifu kwa chanya na buluu kwa hasi. Hata hivyo usiziamini rangi peke yake, kwa sababu magari haya hutujia yakiwa yamekwisha kutumika na huenda mikono mingine iliyagusa: chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya za spika mara moja, nayo spika itaalika na koni yake itatoka nje ikiwa chanya umeipata. Waya wa kijivu, unaopata umeme ufunguo unapozungushwa, ndio utakaoiamuru amplifaya iwake na kuzimika. Waya za sauti zipite upande mmoja wa gari na waya mkuu wa umeme upande wa pili, ama sivyo mlio wa alteneta utaingia katika muziki na kupanda kila ukanyagapo mafuta.

Vipimo

Kile kitufe cha pembejeo kilichoko juu ya amplifaya si cha kuongeza sauti, bali ni cha kuilinganisha redio na amplifaya. Iondoe spika ya besi, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake bila nyongeza yoyote ya besi, cheza mlio wa mitetemo 50 kwa sekunde, kisha pandisha kitufe polepole huku kipimaumeme kikisoma volti za mkondo geu. Kipeuo cha pili cha wati 300 zikizidishwa kwa omu 4 ni volti 34.6, hapo ndipo mpaka, usiuvuke. Kichujio kiweke kwenye mitetemo 80, ili spika kubwa iuchukue uzito na zile za milangoni zibakie na sauti za watu. Amplifaya yenyewe iachiwe nafasi ya kupumua, isifunikwe kwa magunia, kwani joto na vumbi la huku huidhuru.

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo tangu mwaka 2009, na fauka ya kanuni kuna haki ya jirani aliyelala na ya mgonjwa aliye kando ya njia. Besi iliyofungwa kwa vipimo hivi huridhisha vioo vikiwa vimefungwa. Basi, ndugu msomaji, hata kama utampa fundi kazi hii, simama naye mpaka uione fyuzi karibu na betri na chuma kitupu chini ya bolti ya ardhi, wala usimlipe kabla ya kuviona vyote viwili.