SOMO: DENI LINALOFICHWA NA HATARI YA KUJIUA



Safari hii tunajifunza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua, lakini tunalisema chini chini. Hapa Goma vijana wengi wanacheza pari ya mupira. Wengine wanacheza kwenye kibanda, wengine ndani ya simu, hata ule mchezo wa ndege inayopanda na kupotea. Tunasema: "Ni mchezo tu." Kwa watu wengine unabaki mchezo. Kwa wengine unageuka kuwa ugonjwa, na ugonjwa huo unaweza kumfikisha mtu pahali pa kutaka kujiua. Basi, tuangalie njia hiyo inapita wapi, na tunaweza kuikata wapi.

1. Hesabu ya tiketi

Tuchukue kalamu. Mtu anachagua mechi tano. Tuseme katika kila mechi yuko na nafasi moja juu ya mbili. Ili ashinde, zote tano zinapashwa kuingia: 1/2 mara tano, ni kusema 1/32. Tiketi ni franka 1.000, na wanaahidi 20.000. Akicheza tiketi 32 anatoa franka 32.000, na kwa wastani atashinda mara moja: 20.000. Zile 12.000 zimebaki kwa mwenye mchezo. Hesabu ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

"Lakini fulani alishinda!" Ndiyo. Kule Kenya, mwaka 2017, Samuel Abisai alishinda zaidi ya shilingi milioni 221, na picha yake ilionekana pahali pengi. Lakini wale waliolipa feza ile kwa tiketi zao, nani aliwapiga picha?

2. Namna mchezo unavyofunga mtu

Mechi nne zinaingia, ya tano inakatala. Kwa hesabu, mtu amepoteza. Lakini moyoni anasikia kwamba amekaribia kushinda, na anarudi. Kisha hachezi tena kwa furaha. Anacheza ili kurudisha feza iliyopotea, na kila siku shimo linazidi.

Tufikiri juu ya mwanafunzi mmoja. Mama yake anauza makala sokoni, amempa feza ya minervali. Kijana anacheza sehemu kidogo, inapotea. Anacheza yote ili kurudisha ile sehemu. Anakopa kwa rafiki, anadanganya nyumbani kwamba amelipa. Siku watakapofukuza wale ambao hawajalipa, siri itatoka. Usiku halali. Anajiambia: "Mimi ni mzigo tu kwa mama. Nisipokuwa, matata itaisha."

Tuone vizuri pahali hatari ilipo. Deni linaweza kulipwa polepole, hata kama ni nzito. Lakini haya na siri vinamfunga mtu peke yake, mpaka anaona hakuna mlango. Huo ni uongo wa huzuni. Mlango uko, lakini yeye kwa sasa hauoni.

3. Yale ambayo wachunguzi walipata

Shirika la Afya Duniani, OMS, limehesabu ugonjwa wa kamari kati ya magonjwa, katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Linasema pia kwamba kila mwaka watu zaidi ya 720.000 wanakufa kwa kujiua, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya kifo.

Kule Sweden, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lund walifuata watu zaidi ya 2.000 ambao madaktari walikuwa wamewaona na ugonjwa huo. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kujiua kati yao kulikuwa karibu mara 15 kuliko kati ya watu wengine. Tusome hesabu hiyo kwa akili: hao walikuwa wagonjwa wa kweli, na wengi walikuwa pia na huzuni kubwa au shida ya pombe. Hatusemi kila anayecheza pari atajiua. Tunasema mtu aliyefungwa na mchezo asichekwe, kwa maana yuko katika hatari.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tufungue macho. Rafiki anakopa kila mara, anauza vitu vyake, anajitenga, halali, anagawa vitu anavyovipenda, au anasema, "Hamutaniona tena." Tusiseme anacheza.

Pili, tumuulize wazi: "Unafikiri kujiua?" Wengine wanaogopa kwamba ulizo hilo litamtia wazo. Sivyo. Mara nyingi mtu anapumua, kwa maana mwishoni amepata wa kumwambia.

Tatu, tumsikilize mbele ya kumhukumu. Tukumbuke Eliya chini ya mti katika jangwa, alipoomba afe. Mungu hakuanza na kumgombeza. Alimpa chakula, akamwacha alale, ndipo wakazungumza juu ya safari.

Nne, tusimwache peke yake, na tusichunge siri ya namna hiyo. Tumpeleke siku ile ile kwa mtu mzima: mzazi, mwalimu, prefe, mchungaji, muuguzi. Hapa Goma kuko kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha Mabruda wa Upendo. Kwenda pale si wazimu. Ni kama kwenda hospitali na malaria.

Tano, deni lisemwe nyumbani, na mtu mzima asaidie kupanga kulilipa kidogo kidogo. Feza ya masomo ichungwe na mwingine kwa wakati ule, na mchezo utolewe katika simu.

Kwa wazazi na walimu tunaomba jambo moja. Mtoto anapokuja kusema ukweli, hasira ni haki yenu, lakini isitangulie. Minervali iliyopotea inaweza kutafutwa tena.

Na wewe unayesoma huku ukijua habari hii ni yako: sema na mtu mmoja leo, mbele ya jua kuzama.

Maulizo
1. Kama ni mechi sita, nafasi ya kushinda ni ngapi?
2. Kwa nini siri ni hatari kuliko deni lenyewe?
3. Rafiki anakuambia, "Usimwambie mtu." Utajibu namna gani?
4. Andika jina la mtu mzima mmoja ambaye ungeweza kumwendea.